Buibui Alilovishwa Mwigizaji

Kwaru, kwaru, kwaru. Eufrazia, umeme umekatika magharibi hii, niko jikoni gizani, nasikia kalamu inakwaruza karatasi sebuleni.

Kumbe mama mkwe, na tochi ya simu, anamchorea buibui marehemu mama yake kwenye kitabu cha watoto nilichokiandika!

Ule ukurasa wenye picha yake ya 1954, enzi wanaume ndio wanavaa kanga kuigiza wanawake, yeye akapanda jukwaani mwenyewe hapa Bagamoyo. Kichwa wazi, anacheka.

“Mama, picha si ulinipa wewe?”

“Nilikupa uione. Sikukupa uitembeze.”

Uitembeze, shoga! Na kesho nakipeleka kwa mchapaji, nakala ni hiyo hiyo moja.

Binti yangu Ashatu akausogelea ukurasa, akasema, “Bibi, mimi nataka kumwona akicheka.”