Baiskeli Ambayo Ng'ombe Hawaisikii

Mama yangu, shikamoo. Hapa Musoma upepo wa ziwa unapeperusha mpaka mafaili, na sato nawala hadi naona aibu.

Leo hospitali nilikuwa naandikisha majeruhi. Mama mmoja wa Murangi, muuza samaki, kaanguka na baiskeli ya umeme, kavunjika mkono. Kwenye fomu nikampa namba ya ajali za pikipiki, kama tunavyowapaga wote wa baiskeli za umeme. Akagoma: "Futa, mwanangu! Pikipiki ng'ombe wanaisikia, wanapisha. Hii yangu iko kimya, dume likashtuka, likanipiga." Nikafuta, nikaandika yote kwa maneno.

Mama, hata ile baiskeli ya umeme niliyokununulia haina sauti. Ukikaribia ng'ombe, imba zile nyimbo zako za kwaya, kwa nguvu. Jina lako nataka kuliandika kwenye kadi za salamu tu, si kwenye fomu za majeruhi.

Nyangeta wako