Neno Alilokuitia Mama

Baba,

Tangu tukuzike nimeona haya kukuandikia, lakini leo imebidi. Mama haongei na mimi. Ananipakulia ugali, anaweka sahani mezani, anaenda zake.

Unaijua ile kazi yangu ya chuo, ya kutafuta maneno ya mtaani yalitoka wapi. Ulikuwa unachukia tukikuita buda, mpaka nikakuambia ni neno la Wahindi, maana yake mzee, na huenda lilipitia huko huko kwenu reli. Ulicheka wewe! "Kumbe nimetukanwa na karakana yangu mwenyewe!" Tangu hapo ukawa unatoka kazini na maneno kama mtu aliyepitia sokoni, hata viatu hujavua: "Haya, na hili nalo ni la nani?"

Basi ulipofariki, wazee wa reli walijaa matanga hapa Makongeni, hata hatujakuzika. Wengine walikuwa wamestaafu zamani wakarudi Vihiga, sikuwa nawajua hata kwa sura. Nikajiambia, Mungu anisamehe, nafasi kama hii haitatokea tena. Nikatoa kinasa sauti cha chuo. Watu wameshika tama, mimi napita kati ya viti nikiuliza eti hizi nyumba za reli nani alianza kuziita landhi. Senje, dada yako, alinivuta shati. "Wewe, huna hata haya? Aliyekufa si babako?" Nikamjibu ni masomo. Masomo, Baba!

Jana mwalimu wangu aliitisha ile kaseti. Nikaketi kitandani niisikilize kwanza. Nikawasikia wazee wakibishana, viti vikiburutwa, mtoto wa jirani akilia. Halafu Mama akaanza kukulilia. Akakuita kwa neno ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu. Sijui ni la ujana wenu, sijui ni lenu wawili tu. Na papo hapo nikasikia sauti yangu, safi kabisa: "Rudia hapo, Mama, sijalishika vizuri."

Kisha akarudia. Alilitamka polepole nipate kuandika, huku kwikwi zinamkaba, na wewe uko pale ndani ya sanduku.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilidhani amekasirika kwa ajili ya wale wazee niliowasumbua. Kumbe ni hilo. Nimeona aibu mpaka nimeshindwa kumtazama usoni asubuhi.

Kaseti mwalimu haipati, hata akininyima hiyo digrii. Na neno lenu sitaliandika popote, hata humu. Leo jioni nitakaa karibu na Mama, mikono mitupu, nisimuulize kitu. Akinifukuza, nitarudi kesho, na kesho kutwa, mpaka achoke kunifukuza.

Lala salama, Baba. Siku ile kila mtu alikulilia isipokuwa mimi.

Mwanao