Nyumba Ilikuwa Yetu, Shamba Halikuwa Letu

Chebet wangu,

Huku Gilgil tuko wazima. Mvua imekuja vizuri, na mamako ameshaanza kupalilia bila kuningoja.

Umeniuliza kama hiyo bima ya hatimiliki unayoambiwa ulipie kwa nyumba unayonunua Milimani ina maana.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, baba yangu alikuwa mfanyakazi kwa shamba la mzungu. Mwenzake alipohama, alimuuzia baba nyumba yake ya mbao kwa mbuzi wanne. Baba aliikagua siku nzima. Aligonga kila nguzo, akapanda juu kuangalia mabati. "Hii haina mchwa," akasema, ameridhika kabisa. Hakuna aliyeuliza udongo ulio chini yake ni wa nani.

Mwaka uliofuata shamba likauzwa. Mwenyewe mpya akamwambia baba, "Nyumba ni yako, ibebe. Shamba ni langu." Tukaibomoa, tukabeba.

Bima nyingi huwa ni za ajali ya kesho. Hii ni ya mambo ya jana, mtu wa zamani akikuja kudai ardhi ni yake na wewe umeshalipa. Mimi ningelipa. Lakini kwanza wakili apekue rekodi za ardhi, usigonge nguzo tu kama baba.

Ukija utauona mlango wa stoo yangu. Ulitoka kwa ile nyumba. Baba aliubeba mgongoni, na alipochoka aliusimamisha njiani akauegemea, mlango mzuri usio na pa kuingilia.

Ni mimi kogo wako, nyanya anayekupenda.