Shafti ya Nyaishozi, kwa Moto Mmoja

Baba Koku,

Mume wangu, huku hatujambo. Migomba uliyopanda nyuma ya banda la uhunzi imezaa, na Koku wetu amenipita urefu. Lakini sikuandikii habari za migomba. Nataka ujue banda lako halijafa.

Ulipotutoka, nyundo yako ililazwa mpaka matanga yakaisha, kama desturi, kisha ukoo ukamkabidhi mdogo wako Petro. Mimi niliyekuvutia mivukuto ya kupulizia moto tangu unioe nikaambiwa nipumzike. Watu wakasema Petro ana mikono, ila macho umeondoka nayo. Jamani, iliniuma.

Ndipo shafti ya mashine ya kukoboa kahawa pale Nyaishozi ikakatika, na kahawa imejaa kila ua. Wakatuletea ekseli ya lori lililoungua wakati wa vita tuifue iwe shafti mpya, nzito hata wanaume wawili walihema kuibeba. Petro akaipokea, halafu akaja kwangu uso umemshuka. Chuma kizito hivyo hajawahi kukigumisha peke yake. Akasema tuifue leo, ipoe, kesho tuichome tena ndipo tuichovye kwenye oili igumu. Mkaa wa kuichoma mara mbili uko wapi? Nikamkumbusha neno lako: "Moto mmoja unamtosha mwenye macho." Nikarudi kwenye mivukuto bila kumuuliza mtu.

Petro na vijana wake walifua vizuri, sikufichi. Lakini pigo la mwisho lilipotua, Petro akakimbilia pipa la oili chakavu, chuma bado cha manjano. Kingepasuka. Nikamshika mkono. Akanitazama, akasema taratibu, "Mama Koku, basi sema wewe."

Nikasema, Baba Koku. Nilingoja kikawa chekundu kama kahawa mbivu mtini, nikawaambia wachovye ncha tu, ile inayobeba gia, kiuno, pale katikati, kisiguse oili. Wakaitoa. Nikaisugua ncha kwa jiwe mpaka ikang'aa, na moto uliobaki kiunoni ukaanza kuirudia, rangi ikitambaa polepole kama ulivyonionyesha: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia. Nikasema chovya tena, kabla ncha haijalegea. Kiuno tukakizika kwenye majivu kipoe kwa raha zake.

Mashine imezunguka mpaka kahawa yote imekwisha. Mwenye mashine alipouliza fundi ni nani, Petro alininyooshea mimi kidole mbele ya watu wote. Nilijivuna, siombi radhi.

Jumapili baada ya kanisa alikuja na nyundo yako, akaiweka miguuni pangu. Hakuita kikao cha ukoo. Wanawake hatupewi nyundo, unajua, na wazee wamenuna mpaka leo. Sikuirudisha.

Jumamosi Koku atashika mivukuto, nami nitasimama uliposimama wewe. Nitamfundisha rangi zote.

Pumzika, mume wangu. Wewe lala. Nyundo haitalala tena.

Wako,
Mama Koku