Mwaka Mmoja Bila Sadyrbek, na Ini la Kondoo Bado Linatupiwa Mbwa

Mwaka umetimia, Sadyrbek, tangu ulipotapika damu kwenye theluji mlangoni pa zizi, ukatuacha tunaita gari la wagonjwa lisilofika.

Ulikuwa mpole mno. Wana-kondoo waliozaliwa wakati wa baridi kali uliwaweka ndani ya koti lako. Pombe hukuigusa maisha yako yote, lakini tumbo lilipovimba, zahanati wakakwambia, "Punguza vodka, mzee." Wewe ulicheka. Sisi bado tuna hasira nao.

Mjini, mwili wako ulipopimwa, ndipo tulipoambiwa ukweli. Mnyoo wa mbwa ulikuwa umejijengea mfuko wa maji kwenye ini lako, nao mfuko ukakua hadi ukabana mshipa mkubwa wa damu. Damu ikakosa njia, ikajaa kwenye mishipa ya umio, nayo mishipa ikapasuka. Daktari akaeleza na chanzo: ini la kondoo lenye malengelenge. Mbwa akilila, mnyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake hubaki kwenye manyoya na kurudi mikononi mwetu. Kaka yako Jumabay alikuwepo, akiitikia kwa kichwa.

Juzi, kwenye karamu ya mwaka wako, Jumabay huyohuyo alipasua kondoo, akayaona malengelenge, akamtupia ini mbwa wako Aktosh.

"Naye ale, kafiwa na bwana wake," akasema. Watu wakacheka.

Mkeo Burul alitoka jikoni mbio. Unajua mke wa kwetu hatamki jina la shemeji mkubwa. Miaka yote alimwita Kaka Mkubwa tu. Siku hiyo alilitamka mbele ya wazee wote.

"Jumabay! Umeshamzika mdogo wako, sasa unamtafuta nani?"

"Shemeji, wageni wanasikia! Adabu iko wapi?"

"Wasikie! Adabu nimeizika naye!"

Akalipokonya ini kinywani mwa mbwa, akalitupa motoni chini ya sufuria. Kisha akasema tulichokuwa tumekificha: binti yako Aizada, anayeshinda amemkumbatia Aktosh, alipimwa mwezi uliopita. Naye ana mfuko kwenye ini, mkubwa kama yai. Jumabay akakaa chini, kisu mkononi.

Mfuko wake haujafika kwenye mshipa. Wiki ijayo Aizada anapasuliwa, na Jumabay ndiye atakayempeleka mjini. Hatujamsamehe.

Unakumbukwa na mama yako Sonun, mkeo Burul, wanao Aizada na Nurdin, na kaka yako Jumabay, tuliyemweka mwisho kwa makusudi.

Hatutakusahau kamwe, Sadyrbek. Ila Aizada usimngoje. Hatukupi.