Bi Refu, Bwana Vifungo na Kiboko wa Miwani

Mgwashi, Lushoto
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu sisi wawili tumeshindwana. Mara ya mwisho uliniuliza hali, nikasema nzuri. Nikakuuliza mvua, ukasema hakuna. Kisha tukabaki tunasikilizana pumzi mpaka ukasema mteja ameingia dukani. Mama hajambo? Miguu imepungua kuvimba? Na wifi yangu na watoto je? Mwambie Mama sina homa, nakula, na sweta alilonifumia silivui mpaka siku ya kulifua.

Mimi ni mzima wa mwili. Ukungu unaingia kuanzia alasiri, unapanda kutoka bondeni taratibu, na ukishafika sioni hata mlango wa jikoni. Mwaka wa pili huu na bado sijauzoea. Watu ni wema, Kaka. Jirani yangu, Mama Nuru, huniletea makande kila Ijumaa. Lakini nikifika mahali wanapoongea Kishambaa na kucheka, wote hubadili kwenda Kiswahili kwa ajili yangu, na mazungumzo yanapoa palepale. Wananiheshimu, wananiita Madamu. Tangu nije hapa hakuna aliyeniita Somoe.

Sitaki kuyaanza upya ya msibani, lakini nikiyaruka barua hii itakuwa ya uongo. Siku ile mlima ulikuwa umemeguka ukaziba barabara. Nilitembea kwa miguu mpaka Bumbuli, kwenye tope, mkoba kichwani. Nilipofika Lindi, Baba alikuwa ameshazikwa siku mbili. Ulisimama mlangoni ukasema mbele ya watu, "Mpisheni mgeni apite." Neno hilo nilirudi nalo huku. Nimekula nalo, nimefundisha nalo.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mwezi uliopita Mwalimu Mkuu aliniomba nisafishe kabati la vitabu vya zamani. Chini kabisa, chini ya ramani iliyotafunwa na panya, nilikuta kitabu chenye jalada la kijani. Nikakifungua katikati, na pale palikuwa na Kiboko wa Miwani, amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu. Kaka, nilikaa sakafuni na vumbi lote lile.

Ni kile kile. Kile alichokuja nacho Baba kutoka kwenye shule aliyoijengea ukuta, ambacho mchwa walikimaliza kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Wote wamo. Bi Refu na kapu lake kichwani, Bwana Vifungo na koti linaloburuta chini, na yule msichana, Tabu, anayewafuata mpaka nchi yanakotengenezwa mawingu. Jioni ile nilikisoma peke yangu, nimejifunika blanketi mpaka mabegani, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo huku.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Kwa Baba, Bi Refu alikuwa anaokota majina ya watoto yaliyosahauliwa, anayatia kapuni na kuyarudisha nyumba kwa nyumba. Kwenye kitabu ni mchawi, kapuni mna sauti za watoto alizoiba. Kwa Baba, Bwana Vifungo hakuwa na nyumba. Mvua ikinyesha alifungua kifungo kimoja akaingia ndani ya koti lake mwenyewe, akapika chai. Kwenye kitabu ni askari wa mfalme, na koti ni sare tu. Na Kiboko! Wewe ndiye uliyekuwa ukimwiga. Alipoteza miwani, basi kila anayekutana naye anamkumbatia akisema, "Mama, umekonda!" Kwenye kitabu ni hakimu, hana hata neno moja la kuchekesha.

Nilidhani kulikuwa na vitabu viwili. Kisha nikadhani Baba alikuwa akitufurahisha tu, kama watu wazima wanavyofanya. Nikaliacha hapo.

Jumatatu iliyofuata nikakipeleka Darasa la Nne. Nilianza kuwasomea kama kilivyoandikwa. Watoto walikaa kimya, ule ukimya wa adabu, na wa nyuma wakaanza kulaza vichwa. Nilipofika kwa Kiboko nilishindwa. Nikawaonyesha picha, nikaendelea kutazama ukurasa kama ninayesoma, ila maneno yakawa ya Baba. "Mama, umekonda!" Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Walirudia kwa Kishambaa, wakakumbatiana, mmoja akaanguka kutoka kwenye dawati. Tangu siku hiyo sikusoma tena mstari hata mmoja. Kila siku kipindi cha mwisho nilifunua picha na kusimulia, na macho yangu yakishuka kwenye mistari kama ya Baba yalivyokuwa yakishuka.

Siku ya nne nilisimama karibu na dawati la Nuru, mtoto wa jirani yangu. Huyu msichana anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Aliinua shingo, akaangalia ukurasa, midomo ikicheza. Akanyoosha kidole.

"Mwalimu, hapa hapajaandikwa hivyo."

"Pameandikwaje?"

"Pameandikwa Bi Refu ni mchawi. Wewe umesema anarudisha majina." Akanitazama kwa huruma, Kaka, wala si kwa ufedhuli. Akashusha sauti wenzake wasisikie. "Mwalimu, hujui kusoma?"

Nikasimama pale na kitabu mkononi. Nilikuwa nimerudi Lindi, kwenye mkeka, baada ya chakula cha jioni.

Wewe ulikuwa umekaa kulia kwa Baba, mimi mapajani. Ulikuwa umeshaanza kusoma vizuri, kidole chako kikifuata mistari. Baba akawa anasema Bi Refu amefungua kapu. Kidole kikasimama. Ukamtazama Baba usoni, ukamtazama kwa muda. Mimi nikakupigia kelele, "Kaka, toa kidole, kinaziba picha!" Ukakitoa. Tangu jioni ile hukufuata tena mistari. Ukawa unamfunulia kurasa tu.

Ulijua, Kaka. Ulikuwa na miaka mingapi, tisa?

Baada ya hapo yote yalikuja yenyewe. Barua za baba mdogo, "Hamisi, nisomee, macho yangu leo mazito." Fomu za hospitali. Ripoti yangu ya shule, aliishika, akaitikia kwa kichwa, kisha akakupa wewe "uone mdogo wako alivyofanya." Na ile shule ya bweni ya Songea uliyochaguliwa ukasema huitaki. Mama alilia siku mbili. Mimi nilikuona mjinga, na nilikwambia hivyo. Nikaondoka kwenda chuo nikijiona ndiye mwenye akili katika nyumba yetu, na wewe ukabaki kuwa macho ya Baba mpaka alipoyafumba ya kwake.

Sisemi neno lile la mlangoni halikuuma. Liliuma, na bado linauma, kwa sababu barabara sikuiziba mimi. Lakini sasa najua lilitoka kwa mtu aliyekuwa amechoka kwa miaka mingi na hakuwa na wa kumwambia. Ungeniambia mimi, Kaka. Ningekaa kimya. Au pengine nisingekaa, ndiyo maana hukuniambia.

Nuru nilimwita baada ya vipindi. Nikamwambia, "Najua kusoma. Ila hadithi hii nilisimuliwa na baba yangu, na yeye ndiye aliyekuwa hajui." Alifikiri, akauliza, "Sasa aliyatoa wapi?" Nikamwambia kichwani mwake, kwa kutazama picha. Akasema, "Basi alikuwa anajua sana." Akaenda zake nyumbani na ndoo yake ya maji. Mimi nikabaki darasani nikilia peke yangu mpaka ukungu ulipoingia dirishani.

Sasa nina shida, na shida hii ni wewe tu unayeweza kuiondoa. Wiki iliyopita tulifika picha ya mwisho. Tabu amesimama juu ya kilima, ametupa mgongo, wenzake hawapo. Kitabuni pameandikwa mistari miwili tu, kwamba alirudi kwao. Ya Baba siijui. Kila mara nilikuwa nimeshalala, na asubuhi nikikuuliza ulikuwa ukisema, "Ulilala, shauri yako." Nimejaribu kutunga mwenyewe, haikai. Nikawaambia watoto ukweli, kwamba mwisho wa hadithi hii uko Lindi, anao kaka yangu, na kwamba nitamuuliza.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie kuhusu Baba ninajua, asihangaike tena kuficha. Msalimie wifi, nimekumbuka kula ming'oko yake ya porini. Wanao waambie shangazi anawaletea viazi vya huku mwezi wa sita, likizo, akipata njia. Shangazi Binti Ali naye mwamkie, mwambie ubani alionifungia kwenye kitambaa bado unanukia sandukuni.

Andika, au piga simu, hata ukisema maneno matatu. Kila asubuhi nikiingia darasani watoto wanasimama, "Shikamoo, Mwalimu," na kabla sijawaambia wakae, Nuru anauliza kwa niaba ya wote, "Kaka yako amejibu?"

Mdogo wako,
Somoe