Makala ya Ngumi kwenye tovuti ya watalii

Jumanne, Kismayo

Neno kwa neno! Makala niliyoandika kuhusu kisiwa cha Ngumi katika ensaiklopidia huru ya mtandaoni, leo nimeikuta kwenye tovuti inayouza safari za watalii, katikati ya matangazo ya hoteli. Kunakili wanaruhusiwa, hata kwa biashara; sharti hilo nililikubali mwenyewe. Kilichonikera ni kwamba hawakutaja walikoitoa.

Nikawaandikia, huku nikihofu hawatajibu. Na wasingejibu, ningewafanya nini mimi?

Nilipomweleza mama, aliyezaliwa Ngumi na hajarudi huko tangu vita, aliuliza jambo moja tu.

"Jina la kisiwa wamelibadilisha?"

"La, mama."

"Basi waache, mwanangu. Kila mchu," akasema, 'mtu' kwa lahaja ya kisiwani, "asome, ajue kwamba tuko."

Alasiri wakajibu. Wameomba radhi, na chini ya makala wameweka chanzo na kiungo. Mstari mmoja tu, lakini nilifurahi hadi nikajicheka.

Mama akataka nimsomee yote. Nilipofika kwenye nyumba za karibu na msikiti, alinishika mkono.

"Soma polepole," akasema. "Hapo ni kwetu."